Jiko la kuni lenye dohani: miezi kumi jikoni kwa shangazi, Likoni

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Kabla sijalionyesha jiko lenyewe, nataka mkitazame hiki nilichoshika. Sogeza kamera mdogo wangu, waone vizuri. Hiki ni kipande cha bomba la moshi. Januari kilikuwa kipya, kinang'aa. Sasa nakibonyeza kwa kidole gumba, hivi... mmeona? Kidole kimetokea upande wa pili. Hiki kilikaa juu ya paa miezi mitano na nusu tu. Ndani yake mlikuwa mnapita moshi wa moto, na pembeni yake ni mbao za paa. Nilipokiteremsha siku ile mikono ilinitetemeka.

Ndiyo maana uchambuzi wa leo utakaa kwenye bomba kuliko kwenye jiko. Watu wakija kuniuliza, huuliza jiko ni pesa ngapi, lina matundu mangapi, linakula kuni kiasi gani. Bomba halimo. Na mimi baada ya miezi kumi nawaambia: mkinunua jiko la kuni la kukaa ndani ya nyumba, mnanunua bomba kwanza, halafu na hilo sanduku la chini.

Haya, jiko. Nilimnunulia shangazi yangu hapa Likoni, upande wa Timbwani. Shangazi anakaanga mahamri na viazi karai kila asubuhi, na siku za shughuli hupika pilau ya watu. Gesi kwake ni ya chai ya usiku, akiwasha gesi kwa kazi yote hiyo faida inakwisha. Kuni anazo, matawi ya mwembe na mkorosho kutoka shambani kwetu Msambweni. Miaka yote amepikia mafiga matatu ndani ya chumba cha kupikia cha nyuma, ukuta umekuwa mweusi tititi, na macho yake mwayajua wenyewe kama mna mama au bibi aliyepikia kuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani. Mimi sikuhitaji hiyo hesabu kujua, nilikuwa namsikia shangazi akikohoa alfajiri. Lakini hesabu ni hiyo.

Majiko ya kuni yaliyoboreshwa tuliyoyazoea Kenya, kama lile la Upesi lenye kigae cha udongo, yanapunguza kuni, ila hayana dohani. Moshi unapungua, lakini unabaki na wewe jikoni. Nilitaka moshi utoke nje kabisa.

Kwa hivyo nikachongesha hili kwa fundi wa chuma. Likavuka feri juu ya mkokoteni, watu wanne wakaliingiza ndani. Ni chuma cha milimita nne, lina mlango wa mbele, kidirisha cha hewa chini ya mlango, matundu mawili ya sufuria juu yenye pete za kupunguza na kuongeza. Ndani limepangwa matofali ya moto. Shilingi elfu kumi na sita, pamoja na bomba. Chuma chenyewe hakijapinda hata kidogo, pete zinakaa sawa, na moto ukishashika vijiti vitatu vinatosha kukaanga karai nzima. Kasoro zake: mpini wa mlango ni chuma kitupu, unaunguza, nimeufunga kipande cha mti. Na mlango ulikuja bila kamba ya kuziba. Jaribio ni rahisi. Jiko likiwa baridi, bana ukanda wa karatasi mlangoni, funga, halafu uvute. Ukitoka bila kushikwa, hewa inaingia ovyo na moto huutawali. Nilinunua kamba ya nyuzi za kioo, ile isiyoungua, nikaibandika kwa gundi yake ya moto. Sasa karatasi inachanika kabla ya kutoka.

Jiko nalipa alama nane kwa kumi. Bomba lililokuja nalo, alama mbili, na hizo mbili ni kwa sababu lilikuwa duara.

Nieleze. Bomba lile lilikuwa bati la geji 30, bati la kuezekea. Kumbukeni namba ya geji ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba. Bomba la moshi la inchi sita lataka geji 24 au nene kuliko hiyo. Halafu lilikuwa bati lenye zinki. Zinki karibu na jiko inapashwa moto mkali, inatoa mafusho mabaya kuvuta, halafu ikishatoka chuma kinabaki uchi. Hapo ongezeni upepo wa bahari yetu wenye chumvi. Mwajua wenyewe bawaba za madirisha zinavyoliwa Mombasa, na bawaba haipashwi moto.

Sasa nimeweka hivi: kutoka kwenye jiko lenyewe mpaka chini ya paa, chuma cheusi cha geji 24 kilichopakwa rangi ya kuhimili moto. Kutoka paani kwenda juu, chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. Kuna 304 ambalo ni rahisi zaidi, lakini 316 limechanganywa na molibdenamu na linahimili chumvi vizuri kuliko mwenzake. Bomba hili jipya limenila elfu kumi na tisa na mia tano. Ndiyo, limezidi bei ya jiko. Ningelijua Januari, pesa hizo ndizo ningezitenga kwanza.

Tazameni viungo. Ncha iliyobanwa, ile nyembamba, inaelekea chini, inaingia ndani ya bomba la chini yake. Mafundi wengi hugeuza, kwa sababu wanafikiria maji ya mvua kwenye gata ama moshi unaopanda. Lakini ndani ya bomba la moshi kuna majimaji meusi yanayotiririka kurudi chini. Ukigeuza, yanavuja nje kwenye kila kiungo, yananuka, na yanashika moto. Na kila kiungo kina skrubu tatu. Si moja, si gundi, tatu.

Sasa mahali pa kuweka. Jiko kama hili, lililochongwa na fundi bila vipimo vya kiwandani, likae angalau futi tatu, yaani sentimita 90, kutoka kitu chochote kinachoungua: kabati, pazia, mlango wa mbao, gunia la unga. Bomba la ukuta mmoja, yaani lisilo na ganda la pili kama hili letu, sentimita 45. Chini tumemwaga simiti, na mbele ya mlango simiti imetokeza karibu sentimita 50 ili kaa likianguka lisikute mkeka.

Ukuta wa shangazi ni wa mawe ya matumbawe, hauungui. Lakini jamani, ninyi wa nyumba za udongo, ndani ya ule udongo mna fito na nguzo. Na ninyi wa nyumba kongwe za Mji wa Kale, chokaa ile nzuri imezificha boriti za mikoko. Mti ukipashwa moto mdogo mdogo kila siku kwa miaka, unakauka na kubadilika ndani kwa ndani, na unakuja kushika moto kwa joto ambalo zamani usingelisikia. Ukuta unaweza kuwa wa moto mkononi mwaka mzima na msione lolote, mpaka siku hiyo. Gusa ukuta nyuma ya jiko likiwa limewaka saa nzima. Kama mkono haukai, sogeza jiko.

Paa la makuti sitalizungumza sana. Usipitishe bomba kwenye makuti. Sina njia ya mkato ya kukupa. Wenye makuti jengeni jiko la nje, mbali, chini ya bati.

Hapa kwetu ni mabati juu ya mbao. Bomba limepita katikati ya mbao mbili, na tulipolipitisha tumekata nafasi pana, tukaziba kwa mabamba mawili ya chuma yenye hewa katikati. Hakuna mbao iliyo karibu na bomba. Fundi aliniambia, "Dadangu, hapo watia pesa bure, tungeziba na simiti tu." Nikamwambia atie.

Haya, kisa cha kusi, ule upepo wa kusini. Jiko tuliliwasha Januari, kaskazi, upepo wa kaskazini, inavuma, moshi unatoka vizuri, shangazi anaomba dua kila akiniona. Aprili kusi ikaingia, na moshi ukaanza kurudi ndani. Siku nyingine unatoka, siku nyingine unashuka kama umesukumwa kwa mkono. Tatizo lilikuwa bomba fupi. Lilikuwa limeishia chini ya mgongo wa paa, kwa hivyo kusi ilipogonga paa upande ule ilijikunja na kuushindilia moshi ndani. Kaskazi ilikuwa ikitusitiri tu. Kanuni ni hii: bomba lipite paa kwa sentimita 90 angalau pale lilipotokea, na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu, uwe mgongo wa paa lako au ukuta wa jirani. Tuliongeza mita moja na robo na kofia juu. Tangu hapo kusi imevuma mpaka imechoka, moshi haukurudi.

Lakini kabla hatujaongeza, palitokea jambo lililonifanya nirekodi video hii. Usiku mmoja wa Mei, mvua za masika zile za kutonyamaza, shangazi alikuwa na oda ya asubuhi. Tukafunga madirisha mvua isiingie. Tulikuwa watatu. Kichwa kikaanza kunigonga, nikadhani ni usingizi. Binamu yangu akasema anasikia kichefuchefu. Shangazi akakaa chini, shangazi ambaye hakai akiwa na unga mkononi. Nilipoona sote watatu tumeshikwa kwa pamoja, nikafungua mlango tukatoka tukanyeshewa. Ile ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na hata moshi hauonekani sana makaa yakiwa yanafifia. Kwa hivyo mkiumwa kichwa watu wawili au zaidi wakati mmoja ndani ya nyumba yenye moto, msitafute panadol. Tokeni nje kwanza, halafu hospitali. Sasa kuna kengele ya gesi hiyo ukutani, ile pale nyeupe, na dirisha lile la juu nimeling'oa kioo ili lisifungike tena. Moto unataka hewa ya kuingia, bomba pekee halitoshi.

Kuni. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa maji nusu ya uzito wake. Kuni nzuri iwe na unyevu chini ya asilimia 20. Ipasue, iinue juu ya mawe isiguse ardhi, ifunike juu tu, pembeni upepo upite, uiache miezi sita au zaidi. Kipima unyevu kipo, lakini masikio pia yapo. Sikilizeni hizi mbili nikizigonganisha... kong! Kavu. Na hizi... dub. Mbichi, hizi hazingii jikoni.

Vifuu vya nazi vinawaka kwa joto kali sana, tia viwili vitatu vya kuamshia moto, usijaze. Makumbi, sawa, isipokuwa yale yaliyofukiwa pwani kwa kazi ya kamba, yamejaa chumvi. Magogo yaliyoletwa na bahari vilevile, chumvi yake inakula bomba kutoka ndani. Mkoko msiuguse, unalindwa kwa sheria na ndio unaoshika fukwe zetu. Mbao zilizopakwa rangi na vipande vya nguzo za stima, kamwe. Dawa ya nguzo zile huweza kuwa na arseniki, na unapikia chakula cha watoto. Na mafuta ya taa si ya kuwashia jiko lenye mlango.

Sasa tulisafishe. Jiko limelala baridi tangu jana. Nimetandaza gazeti, nimefunga pua. Brashi ya waya ya inchi sita, juu chini, juu chini... Tazameni kilichoanguka: unga wa kijivu, mkavu. Kwenye ukuta wa bomba haufiki milimita moja. Sasa linganisheni na hiki kikopo, nimekihifadhi tangu Juni. Hiki ni kilichotoka baada ya miezi ile ya mvua tuliponunua kuni mbichi barabarani. Cheusi, kinang'aa, kama lami, sikuweza kukitoa kwa brashi ikabidi nikwangue. Moshi wa kuni mbichi hauungui wote, unapanda ukiwa baridi na kuganda kwenye bomba. Hii lami ikishika moto ndani ya bomba, joto hupita nyuzi 1000 na hunguruma kama gari kubwa. Ikikutokea: funga mlango wa jiko na kidirisha cha hewa, toa watu wote, piga 999 au 112. Usimwage maji bombani. Masizi yakifika milimita tatu, safisha siku hiyohiyo. Sisi twakagua kila mwezi, na baada ya masika lazima.

Majivu je? Kaa linaweza kuishi ndani ya majivu siku kadhaa, ukidhani limekufa. Ndoo ya chuma yenye kifuniko, juu ya simiti, nje. Si ndoo ya plastiki, si gunia. Na watoto: shangazi amechora mstari wa chokaa sakafuni, futi tatu kutoka kwenye jiko, na wajukuu wote wanaujua. Mimi nataka kuongeza na kizuizi cha chuma, kwa sababu anayetambaa hajui mstari. Fundi ameniahidi wiki ijayo, nitawaonyesha kikifika.

Haya, bomba limerudi mahali pake, skrubu zimekazwa. Karatasi moja ndani ya bomba kwanza, ulipashe joto ili lianze kuvuta... sawa. Vibanzi, kisha mkorosho. Mdogo wangu toka nje na kamera, uwaonyeshe juu ya paa. Shangazi, lete karai!