Ushauri wa unyumba, Soweto Mbeya: karatasi ya safu tatu ndiyo inayolipa

Kwenye kicheni pati bibi harusi hufundwa namna ya kumridhisha mume; yeye anatamani nini, haulizwi. Mume naye hafundwi kabisa. Miaka inapita, kila mmoja ana lake moyoni, na wapo wanaolipeleka kwa mchepuko kwa kuwa huyo hawamwonei haya. Huduma hii inaligusa hasa hilo.

Karatasi ina safu tatu: Nataka, Labda, Sitaki. Kila mmoja anajaza peke yake, chumba tofauti, kisha mshauri anasoma yaliyolingana tu. Lenye Sitaki upande wowote halitajwi, kwa hiyo hakuna anayeumbuka kwa alichotamani. Msijazie nyumbani mmekaa bega kwa bega: mmoja atachungulia, atabadilisha majibu, na zoezi zima litakuwa la uongo. Wala Labda si ndiyo. Mkubaliane lini, kwa namna gani, na neno gani likitamkwa mnaacha papo hapo.

Huduma ina pia zoezi la kugusana, la William Masters na Virginia Johnson, watafiti wa tendo la ndoa wa Marekani, walioliandika mwaka 1970. Mmoja anagusa, mwenzake anapokea, dakika 15, mnabadilishana. Mwanzoni matiti na sehemu za siri haziguswi, na tendo lenyewe linasimama. Hofu ya "nitaweza kweli?" ndiyo inayouzima mwili, na hapa hakuna cha kuweza wala kushindwa. Linaharibika mkiligeuza maandalizi ya tendo usiku uleule. Juni na Julai, kwa baridi ya Mbeya, pasheni mikono kwenye maji ya moto na mgusane chini ya blanketi. Jiko la mkaa lisiingie chumbani. Gesi yake haina harufu na inaua.

Mapungufu yapo. Fomu haiulizi dawa mnazotumia, ilhali baadhi ya dawa za presha na za sonona hupunguza hamu au nguvu (msiziache, mwoneni daktari). Pia haisemi siri ya mchepuko itawekwaje. Ulizeni kabla ya kikao: nikikuambia peke yako, utamwambia mwenzangu?

Kubwa zaidi, kwa aliyetoka nje, kipimo cha VVU hakisisitizwi, na hapa ni Mbeya, ambayo pamoja na Iringa na Njombe ndiyo mikoa yenye maambukizi ya juu nchini. Kipimo cha haraka kinaweza kukosa maambukizi mapya. Tumieni kondomu, mrudie kupima baada ya miezi 3.