Omena (dagaa) ama mbuta (sangara), kwa mwenye boti moja kisiwani Mfangano, Ziwa Victoria

Wasee, mwenye mtaji mdogo namwambia aanze na omena, juu wamama wanangoja ufuoni na makarai na pesa unashika asubuhi hiyo hiyo. Shida ni mwezi, ukiwaka sana taa zako za kuvulia usiku hazivuti kitu, halafu mvua ikipata omena kama bado zimeanikwa zinaoza, unauzia watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, inauma sana. Na Aprili mpaka Julai uvuvi wa omena unafungwa, so weka akiba mapema.

Mbuta inalipa kuliko omena, hata kibofu chake cha hewa kinauzwa mpaka China. Lakini bila barafu hufiki mbali, na nyavu zinaibwa usiku huko majini. Mbuta wa chini ya sentimita 50 tafadhali rudisha ziwani.