Laini ya simu Mtwara: niliambiwa sina vidole

“Mama, wewe huna vidole.” Nimeambiwa hivyo mbele ya foleni nzima, na kijana ninayemzaa kabisa, kwenye duka la kampuni ya simu hapa Mtwara mjini.

Mimi ni mzaliwa wa Palma, Msumbiji, ng’ambo ya mto Ruvuma, nimeolewa Mikindani. Pasipoti ninayo, kibali cha ukaazi ninacho. Mawakala wa miavuli walinikatalia, wakasema laini ya mgeni inasajiliwa dukani kwenyewe. Sawa, nikaenda. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Zamu yangu ilipofika nikaweka dole gumba kwenye kimashine. Taa ikawaka, ikazima. Cha shahada, hola. Cha kati, hola. Mkono wa pili vilevile. Akakivuta kimashine kwake, akanisukumia pasipoti yangu kwa ncha ya kalamu, kama kitu kinachonuka, ndipo akasema maneno yale. Akaongeza: “Nyie mnaovuka mto mna matatizo sana. Anayefuata!”

Angeuliza tu, ningemwambia. Nabangua korosho, miaka mingi sasa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Hata ukijipaka majivu, yanapenya. Vidole vinababuka, vinaota ngozi mpya, vinababuka tena, mpaka ile mistari inafutika. Na hapa ni Mtwara, mkoa wa korosho! Wanawake wenye vidole kama vyangu wamejaa Newala, Tandahimba, Masasi, na tangu 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole inafungwa. Leo mimi ndiye wa kwanza kufika pale? Siamini hata kidogo.

Simu kwangu si anasa. Mama yangu yuko Palma. Mwaka 2021 mji uliposhambuliwa mawasiliano yalikatika, nikakaa siku na siku sijui kama yu hai. Tangu hapo kulala bila laini naogopa, na simu ya mume wangu anaondoka nayo baharini.

Nilitaka kuandika msikanyage pale kabisa. Lakini nitakuwa mwongo nikiishia hapo, maana nilirudi baada ya siku kadhaa, nikamkuta binti mwingine. Huyu alikishika kiganja changu, akakitazama, akauliza taratibu, “Korosho, mama?” Machozi yalinilenga. Akanipeleka bombani nyuma ya duka nikanawa kwa sabuni, akanipangusa kwa ncha ya mtandio wake, akajaribu kidole kimoja kimoja bila haraka. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikasoma! Hicho hakishiki korosho. Kabla sijatoka nikapiga *106# kuhakiki usajili, nikaona jina langu.

Laini yenyewe sina neno nayo. Mikindani inashika mpaka chumbani, bando la wiki linanitosha. Na yule binti Mungu amzidishie, kwa ajili yake ningesema nendeni wote. Ila nikiikumbuka ile kalamu, roho inanichafuka upya.

Juzi nimempeleka jirani yangu, mbanguaji mwenzangu, naye kazaliwa ng’ambo ya Ruvuma. Tukachungulia mlangoni: kaunta yuko yule kijana. Tumerudi nyumbani.