Kutotoa mayai ya bantamu nyumbani: ununue nini kwanza

Ukiulizia inkubeta (mashine ya kutotolea mayai) mjini Nakuru au Kisumu, swali la kwanza la muuzaji huwa "ya mayai mangapi?" Kwa mfugaji wa bantamu, yaani kuku wa mbegu ndogo, hilo ndilo swali la mwisho. Yai la bantamu lina gramu 30 hadi 35 hivi, zaidi kidogo ya nusu ya yai la kuku wa kawaida. Udogo huo ndio unaoamua trei itakayolishika, maji litakayopoteza, hata siku kifaranga atakapotoboa gamba. Hapa nimezipanga njia zilizopo, kuanzia ninayoipendekeza kwa moyo wote hadi ile ninayokusihi uiache.

Ya kwanza: kuku wa kienyeji anayelalia

Kama mayai yako ni kumi na matano au chini ya hapo, acha mashine, nunua mtetea. Kuku wa kienyeji mwenye umbo la wastani hufunika mayai 12 hadi 15 ya bantamu bila shida. Hahitaji tokeni za stima, hugeuza mayai mwenyewe mchana na usiku, na vifaranga wakitoka anawalea, kazi ambayo mashine haitakufanyia hata kidogo. Silkie na Pekin, aina mbili za kuku wadogo, nao ni walezi wazuri sana, ila kwa mwili wao mdogo wape mayai sita hadi manane.

Usimnunue sokoni ukimwona tu ni mnene. Kuku wa soko la Kibuye au la Wakulima hana historia unayoweza kuiuliza. Nenda kwa jirani au mashambani, umuulize mwenyewe: huyu amewahi kulea? Msimu uliopita alitoa wangapi, na waliokua ni wangapi? Mkwepe aliye mzito mno, kwa kuwa gamba la bantamu ni dogo na huvunjika chini yake. Tena usidhani kila anayeitwa kienyeji analalia. Wale walioboreshwa, kama wa KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) Naivasha, wamezalishwa kwa kutaga, na kwa kawaida hawalalii.

Mhamishe usiku, mpulizie dawa ya utitiri na viroboto, kisha mpe mayai ya kujaribia kwa siku mbili tatu. Akitulia ndipo umwekee yale ya thamani.

Ya pili: mashine ndogo yenye feni

Hii ndiyo ya kununua usipopata mlezi, au unapotaka kutotoa bila kungoja kuku aamue. Anza na trei. Vikombe vya mayai ya kawaida huliacha yai la bantamu likicheza, na mashine inapogeuka, yai haligeuki vya kutosha. Dai trei ya kuviringisha yenye vitenganishi vinavyosogezwa, au trei za kware kama mayai yako ni madogo kabisa. Muuzaji asiyekuruhusu kuingiza yai lako kwenye trei kabla ya kulipa, mwache.

Feni ni ya lazima. Ikiwepo, unaweka nyuzi 37.5 na joto linakuwa karibu sawa kila pembe. Bila feni, juu ni moto na chini ni baridi, na utalazimika kulenga nyuzi 38.5 hivi usawa wa mgongo wa mayai, jambo gumu kwa anayeanza. Chagua pia inayojazwa maji kutoka nje bila kufunuliwa, na yenye waya wa betri ya volti 12. Mashine iliyoandikwa wati 80, hata ingewaka bila kuzima kwa siku 21, ingekula uniti 40 hivi. Kwa kweli hita huwaka na kuzima, hivyo ni chini ya hapo. Betri ya Ah 100, ukiitumia nusu tu isiharibike, itaisukuma kwa saa saba. Kama huna betri na stima imepotea, usifunue. Ifunike kwa blanketi, acha matundu ya hewa wazi. Mayai huvumilia ubaridi wa saa chache kuliko joto lililopita kiasi.

Usiamini namba za kioo cha mashine mpya. Nunua kipimajoto cha homa kwenye duka la dawa: kinasoma kati ya 35 na 42, na joto tunalolitafuta liko humo humo. Kwa unyevu, lowesha chumvi ya mezani iwe kama uji mzito kwenye kizibo cha soda, iweke pamoja na kipima unyevu ndani ya kopo lililofungwa, ulale. Asubuhi kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 69, jua kinapunguza sita.

Nakuru inahitaji uangalifu zaidi kuliko Kisumu. Iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Kisumu kando ya ziwa ni 1,130 hivi. Hewa ikiwa nyepesi, maji hutoka kwenye yai upesi zaidi, na yai dogo hukauka upesi kuliko kubwa. Kwa hiyo anza na unyevu wa asilimia 50 hadi 55 Nakuru, 45 hadi 50 Kisumu, halafu mizani ya jikoni ikuongoze. Yai linapaswa kupoteza asilimia 12 hivi ya uzito kufikia siku ya 17: la gramu 32 libaki na 28. Likipungua haraka, ongeza maji. Bantamu wengi hutoka siku ya 19 au 20, kwa hiyo acha kugeuza siku ya 17 na upandishe unyevu hadi 65 au 70.

Ukiwa na bantamu wa Kijapani wenye miguu mifupi, usiilaumu mashine. Jeni ya miguu hiyo, ikitoka kwa baba na kwa mama, huua kiinitete, hivyo ukipandisha wafupi kwa wafupi, robo ya mayai yenye mbegu haitatoa kifaranga. Pandisha mfupi na mrefu.

Ya tatu: kulipia nafasi kwa mwenye mashine kubwa

Inafaa kwa mayai mengi ya mara moja moja. Mwambie mapema kwamba yako yatawahi, la sivyo vifaranga watatoka kwenye trei za kugeuza. Uliza pia kama husafisha kwa dawa kati ya awamu moja na nyingine, maana mayai ya mashamba mengi hukutana humo.

Ya nne: sanduku la fundi wa jua kali

Likiwa na thamostati (kidhibiti joto) ya kidijitali na feni, linaweza kufanya kazi vizuri, na fundi atakukatia trei ya kipimo chako. Lakini liwashe tupu kwa siku mbili mbele yake kabla ya kumalizia malipo, na upime pembe zote nne.

Ya mwisho: sanduku la taa ya mafuta

Moshi wake huingia kwenye mayai, joto lake halishikiki usiku, na moto ndani ya nyumba yenye watoto ni hatari. Pesa hizo zinatosha mtetea wa kienyeji.