Rangi ya Kucha ya Kununua Mombasa: Ipi Ianze, Ipi Iachwe Dukani

Idi au harusi ikikaribia, maduka ya vipodozi ya Mtaa wa Biashara hujaa, na wengi huchagua chupa kwa rangi na bei. Nakuomba uanze kwa kuigeuza usome maandishi madogo. Isiyo na orodha ya viambato, kwenye chupa wala kwenye boksi, irudishe hata muuzaji akikuapia.

Nambari ya kwanza naipa hina safi. Majani yaliyosagwa, yakikorogwa kwa maji na ndimu, hutoa rangi ya chungwa inayokolea hadi kahawia baada ya siku moja au mbili. Haiachi utando juu ya ukucha, basi udhu hauna shida, na kwa wengi wetu hapa hilo pekee latosha. Nunua unga, ukoroge mwenyewe. Hina iliyokwisha kukorogwa hupoteza nguvu kwa siku chache tu nje ya friji, kwa hiyo koni iliyokaa rafuni miezi na bado inashika rangi ina kitu kingine ndani. Mtoto mchanga asipakwe kabisa: akiwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hina inaweza kumvunjia chembe hizo.

Ya pili ni rangi ya kawaida ya chupa, ila iliyochaguliwa kwa makini. Utando wake ni nitroselulosi, na ile harufu kali ni ya ethili aseteti na butili aseteti zinazoruka hewani. Zinashika moto haraka, kwa hiyo paka dirisha likiwa wazi, mbali na jiko. Cha kukwepa hasa ni vitu vitatu. Tolueni huumiza kichwa na kuleta kizunguzungu. Fomaldehaidi, inayopatikana zaidi kwenye dawa za kukaza kucha, inajulikana kusababisha saratani ikivutwa kwa muda mrefu. DBP, kemikali ya kulainisha rangi isipasuke, hudhuru uzazi, na Ulaya iliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 2004. Mama mjamzito asiiguse.

Tangazo la mbele ya chupa kwamba vitatu hivyo havimo lisikutoshe. Mwaka 2012 wakaguzi wa jimbo la California walipima rangi za saluni, na kati ya 12 zilizodai hazina tolueni, 10 zilikutwa nayo. Tena watengenezaji wengine waliiondoa DBP wakatia TPHP, kilainishi kingine, ambayo utafiti wa mwaka 2015 uliikuta imeingia mwilini mwa wanawake saa chache baada ya kupaka. Chupa mbili zikilingana, chukua isiyo nayo.

Ukiona kope zinawasha na shingo ina vipele, chunguza rangi yako ya kucha. Baadhi ya rangi zina gundi iitwayo tosilamidi, na mzio wake hutokea pale kucha zinapogusa mwilini, huku vidole vyenyewe vikibaki salama. Watu hubadilisha sabuni na poda bure.

Jeli naiweka ya tatu, na kwa saluni peke yake. Ndani yake mna HEMA, kemikali inayoifanya igande, na isipokauka vizuri chini ya taa au ikigusa ngozi, huleta mzio usiotoka tena maishani. Jamii hiyo ya kemikali hutumika pia kuziba meno, kwa hiyo mzio huo waweza kukufuata hadi kwa daktari. Ulaya HEMA wameiachia mafundi tu, na tangu Septemba 2025 wamepiga marufuku jeli zenye TPO, kemikali inayosaidia jeli kukauka chini ya taa. Taa na chupa za kujipaka nyumbani usinunue. Saluni nayo, fundi akiacha jeli imemwagikia ngozi kisha akakuambia uingize mkono kwenye taa, mwambie aifute kwanza.

Ya mwisho, na siipendekezi kwa yeyote, ni piko, yaani hina nyeusi. Weusi ule wa haraka hutoka kwenye PPD, kemikali ya rangi ya nywele ambayo haikukusudiwa ngozi. Inaweza kutoa malengelenge na kuacha alama, na aliyeathirika mara moja huenda asiweze tena kupaka rangi ya nywele. Bi harusi akitaka weusi, apewe hina iliyokolea sana. Piko ikianza kuwasha, osha papo hapo kwa maji na sabuni. Uso ukivimba au pumzi zikibana, kimbilia hospitali.