Kioo cha jemaniamu chenye upako: bei inauma, ila picha inaonekana

Kazi yangu ni kukagua bodi za umeme na mota kwenye viwanda vya kukoboa kahawa hapa Moshi, na vumbi la maganda halina huruma na lenzi. Ndiyo maana mbele ya kamera yangu ya joto nimefunga kioo cha kinga cha jemaniamu, elementi inayopitisha miale ya joto. Kioo cha dirisha hakifai: miale ya joto ya mikromita 8 hadi 14 haipiti, unabaki unajitazama mwenyewe.

Kabla ya hiki, muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniletea kisicho na upako, eti "ni kile kile tu." Kile kile wapi! Jemaniamu tupu inang'aa kama chuma kilichosuguliwa, na kila uso wake unarudisha karibu asilimia 36 ya miale. Ukihesabu nyuso mbili, pamoja na miale inayodunda ndani na kupenya tena, kinachofika kwenye kihisio cha kamera ni kama asilimia 47. Upako ni utando wa unene wa robo ya urefu wa wimbi la miale ndani yake, kwa mfano zinki salfaidi ya mikromita moja na ushee; miale inayorudi kutoka juu ya utando na ile ya chini yake inauana, hivyo mingi inapenya.

Breka (swichi ya kukata umeme) iliyosoma nyuzi 78 bila kioo chochote, kwa kioo kitupu ilisoma 51. Msimamizi wa zamu akachungulia: "Fundi, si imeshapoa hii?" Imepoa wapi bosi, na terminali imelegea hadi plastiki imebadilika rangi! Nikafunga chenye upako, ikasoma 74. Unaweza kurekebisha namba kwenye menyu ya kamera, sawa, lakini chengachenga hazitoki, na katikati ya picha kuna doa, kamera inajiona yenyewe.

Hiki kipya upande wa nje kina kaboni ngumu ya jamii ya almasi. Inapitisha kidogo pungufu kuliko upako laini kama ule wa zinki salfaidi, ila nafuta vumbi bila roho kuruka. Upande wa ndani usiuguse hata kwa shati. Pete ya kufungia ni ovyo, mimi nimezungushia tefloni ya bomba.

Ukitaka kununua, mwombe muuzaji grafu ya upitishaji kati ya mikromita 8 na 12. Akikutumia picha ya boksi, achana naye.