Koha kwenye maktaba ndogo: uzoefu wangu

Koha ni programu huria ya kuendesha maktaba: kuorodhesha vitabu, kusajili wanachama, kuazimisha, kufuatilia vilivyochelewa, pamoja na katalogi ambayo msomaji anajitafutia mwenyewe mtandaoni. Ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999 kwa maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na kweli haina ada ya leseni. Mkutubi aliyezoea kadi na daftari nitamwambia aichukue, ila asianze kuazimisha kabla data yake haijawa safi. Matatizo mengi niliyoyaona kaunta yalianzia kwenye faili la Excel lililobeba orodha ya vitabu kabla ya kuhamishiwa Koha.

Chukua ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Kitabu cha Tanzania chenye namba inayoanza na 9789987 ukikiandika kwenye seli ya kawaida, Excel inaonyesha 9.78999E+12. Ukihifadhi faili kama CSV (maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa mkato) hali ikiwa hivyo, tarakimu zilizobaki zimepotea na hazirudi. Bakodi nazo: 000123 inageuka 123, halafu skana ikisoma lebo iliyobandikwa kitabuni, Koha inasema nakala hiyo haipo. Dawa ni kuzifanya safu hizo mbili ziwe za maandishi kabla ya kuandika hata namba moja. Ukishaandika umechelewa.

Hili la pili linatuhusu sisi wa Kiswahili zaidi. Koha inataka faili la UTF-8, ambao ni usimbaji, yaani namna kompyuta inavyohifadhi herufi. Jina la kitabu lenye “ng'ombe” likinakiliwa kutoka Word huja na ile alama iliyopinda, na faili likifunguliwa kwa usimbaji usio wake unapata “ngâ€™ombe”. Hata likifunguka vizuri, kuna hatari kwamba msomaji anayeandika alama iliyonyooka hatakipata kitabu. Badilisha alama zote ziwe zilizonyooka kabla ya kupakia. Ni kazi ya dakika mbili kwa amri ya kutafuta na kubadilisha.

Kutoka Excel natumia programu ya MarcEdit kugeuza safu kuwa rekodi za MARC21, muundo wa kuandikia taarifa za vitabu ambao kila sehemu yake ina namba: ISBN inakwenda 020, mwandishi 100, jina la kitabu 245, namba ya Dewey (ya kupanga vitabu kwa mada) 082. Nakala zenyewe zinakaa 952, ambako $p ni bakodi, $o ni namba ya rafuni, $y ni aina ya kitu. Msimbo wa aina lazima ufanane herufi kwa herufi na ulioweka kwenye mipangilio ya Koha. Kwenye 245, kiashiria cha pili, kinachosema herufi ngapi za mwanzo zirukwe katika kupanga kialfabeti, kwa vitabu vya Kiswahili ni 0, maana hatuna kibainishi (neno kama “The”) cha kurukwa mbele ya jina. Vya Kiingereza vinavyoanza na “The” ni 4, yaani herufi tatu na nafasi. Ukikosea hapo, orodha ya alfabeti inavurugika. Jaribu kwanza rekodi 20, uzikague moja moja, ndipo upakie elfu. Vitabu visipoonekana kwenye utafutaji baada ya kupakia usiharakishe kupakia tena, utazaa nakala pacha. Mara nyingi faharasa ya Zebra, injini ya utafutaji ya Koha, ndiyo haijajengwa. Msimamizi wa seva aendeshe amri ya koha-rebuild-zebra.

Kwa vitabu vipya kuna njia ya mkato ninayoipenda sana: Z39.50, itifaki ya kutafuta kwenye katalogi za maktaba nyingine. Unaingiza ISBN, Koha inaleta rekodi iliyokwisha kuandaliwa na maktaba nyingine. Vitabu vya Afrika Mashariki vinapatikana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi yake Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya huku. Ila kagua mwandishi kabla ya kuhifadhi. Rekodi moja itasema “Robert, Shaaban”, nyingine “Shaaban Robert”, na katalogi yako itakuwa na waandishi wawili. Chagua umbo moja, lile jingine liweke kama rejeo kwenye rekodi ya jina.

Udhaifu mkubwa kwangu uko kwenye utafutaji. Maneno yetu hubadilika mwanzoni: mtoto, watoto, kitabu, vitabu. Kinyota cha kukata neno mwishoni hakisaidii kitu hapo. Nimeona njia moja inayofanya kazi, nayo ni kujaza sehemu ya 653, ya maneno huru ya mada, kwa umoja na wingi, “ufugaji wa kuku, kuku, mfugaji, wafugaji”. Inachosha, lakini msomaji anapata kitabu chake, na hiyo ndiyo kazi yetu.

Kuazimisha ni kwepesi mno data ikishakaa sawa: skani kadi, skani kitabu, basi. Weka kwanza kanuni ya jumla ya kuazimisha kwa matawi yote, wanachama wote na aina zote, kisha ndiyo uongeze za pekee. Isipokuwepo, utabaki unashangaa kwa nini mwanachama anazuiwa. Kalenda nayo isisahaulike: 26 Aprili na 9 Desemba zinawekwa mara moja zijirudie kila mwaka, lakini Idi inafuata mwezi, kwa hiyo iingize kwa mkono kila mwaka, la sivyo tarehe ya kurudisha itaangukia siku ambayo mlango umefungwa.

Kwa maktaba ya vitabu elfu chache, seva ya Debian (mfumo endeshi wa Linux) yenye RAM ya GB 4 inatosha, mradi iwe na UPS, betri ya akiba umeme ukikatika. Koha hujitengenezea nakala rudufu kila siku kwenye /var/spool/koha na kubakiza za siku chache tu, kwenye diski ileile. Kila Ijumaa nakili moja kwenye diski ya nje na uiweke chumba kingine. Mtandao ukikatika mchana, programu ndogo ya Windows ya kuazimisha nje ya mtandao hutunza miamala kwenye faili la .koc. Ukishalipakia, usiondoke kabla ya kubofya kuichakata, kwa sababu hadi hapo vitabu bado vinaonekana viko rafuni.